Hesabu ya Jioni

Desemba 1920 Congress, chama cha wapigania uhuru, kilikutana Nagpur, katikati ya India, kwenye mkutano wake mkuu wa mwaka. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alikuwa mfanyabiashara wa pamba kutoka mji jirani wa Wardha, Jamnalal Bajaj, mwenye miaka 31. Alikuwa na mke na watoto, biashara iliyokwisha kusimama, na cheo cha Rai Bahadur alichotunukiwa na Waingereza. Wakati huo alimwendea Mohandas Gandhi akamwomba jambo ambalo halikuwamo kwenye ajenda yoyote: amfanye mwanawe. Gandhi alikuwa na wana wanne aliowazaa. Huyu alitaka kuwa wa tano.

Gandhi alishangaa, kisha akakubali. Baadaye barua alizomwandikia zikawa zinaanza kwa neno Chiranjivi, dua ya maisha marefu ambayo wazee wa India huitanguliza wanapomwandikia mtoto. Barua hizo zimekusanywa na kuchapishwa. Ndani yake utamkuta mzee akimuuliza mwanawe habari za afya na chakula, akimtuliza moyo, halafu akirudi kwenye fedha za chama, kama watu wa nyumba moja wanaozungumza yote kwa wakati mmoja.

Ombi hilo hunijia hasa nyakati za kampeni. Mfanyabiashara anapoingia siasa huwa anaomba kitu. Anaomba kura, kisha wadhifa, kisha tenda, na wengine huomba kinga tu, ili mkaguzi wa kodi akipita apite kwa mbali. Sisemi kwa ubaya. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishayaona. Lakini Jamnalal aliomba baba, na baba mwenyewe hakuwa na shamba wala nyumba ya kumrithisha.

Haikuwa mara yake ya kwanza kubadilisha wazazi. Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1889 katika kijiji cha Kashi ka Bas, karibu na Sikar, Rajasthan, nchi kavu ya mchanga, kwa Kaniram na Birdibai, watu wa hali ya chini wa jamii ya Wamarwari. Mtu wa ukoo wao, Seth Bachhraj Bajaj, alikuwa amekwenda Wardha akatajirika, ila nyumba yake ilikosa mrithi. Akampenda mtoto huyo, akamwomba kwa wazazi wake, na mtoto wa miaka kama mitano akasafirishwa mamia ya kilomita kwenda kuwa mjukuu wa tajiri. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Hebu tulitazame hilo polepole. Tajiri wa kawaida ana hadithi yake ya jasho: nilianza na debe moja la mafuta ya taa, nililala dukani, nilikula mkate mkavu. Hadithi hiyo ndiyo kuta za nyumba yake, na ukiigusa amekuona adui. Jamnalal hakuweza kujijengea kuta hizo. Alijua kwamba kama macho ya Bachhraj yangetua kwa mtoto mwingine asubuhi ile, yeye angebaki Kashi ka Bas na mchanga wake, na yule mwingine ndiye angeitwa Seth, bwana tajiri. Mtu akilijua hilo tangu utotoni, kila sarafu anayoishika inamuuliza swali.

Mwaka 1907 swali lilimtoka mdomoni. Kulikuwa na harusi, na babu akataka kijana avae vito kama inavyompasa mtu wa nyumba ile. Kijana akakataa. Mzee akapandisha hasira, akamkumbusha mali ni ya nani. Ni maneno ambayo wazee wengi huyasema, na mtoto wa kulea huyasikia kwa masikio tofauti na mtoto wa kuzaa. Jamnalal hakujibizana. Alikaa akaandika barua, akaifanya hati yenye stempu, akieleza kwamba tangu siku hiyo hana dai lolote juu ya mali ya babu yake, kwamba anaondoka na nguo alizovaa, na kwamba hana kinyongo. Kisha akaondoka.

Walimfuata, wakambembeleza, akarudi. Mwaka huo huo Bachhraj akafariki, na kila kitu kikamwangukia kijana ambaye alikuwa amekwisha kukikana kwa maandishi. Wasimulizi wa maisha yake wanasema aliketi akapiga thamani ya mirathi ile, na kwa miaka iliyofuata akatoa sadaka kiasi hicho hicho pamoja na riba yake. Neno riba nalipenda hapo. Mtu anayetoa sadaka hapigi riba. Anayepiga riba ni mtu anayelipa deni.

Kuna kisa kingine cha ujana wake, kidogo zaidi. Alikuwa akipewa rupia moja kwa siku ya matumizi. Akaziweka, akafikisha rupia 100, akazipeleka kusaidia toleo la Kihindi la Kesari, gazeti la mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak. Alikuja kutoa malaki baadaye, lakini inasimuliwa alikuwa akisema hakupata tena furaha kama ya zile 100. Naamini. Zile hazikupitia mikononi mwa karani, na hakuna aliyesimama kumpigia makofi.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina la ukoo huu hata wasipojua habari zake, maana ndilo lililobandikwa kwenye bajaji zinazotupeleka sokoni na hospitali. Kampuni inayozitengeneza, Bajaj Auto, imetokana na biashara aliyoiasisi Jamnalal. Panda moja jioni, saa kumi na mbili hivi, umwangalie dereva. Chombo si chake. Kina tajiri wake, Tabata au Mbagala huko, anayesubiri hesabu. Dereva anakiosha kama chake, anakitundikia mapazia, anaandika jina la mwanawe kwenye kioo cha mbele. Lakini giza likikaribia anatoa noti mfukoni, anazinyoosha moja moja juu ya goti, anatenga ya mafuta, anatenga ya tajiri, na kinachobaki ndiyo riziki ya nyumbani. Iwe mvua, iwe foleni, hesabu inamsubiri. Jamnalal alitaka kuishi na utajiri wake hivyo, na ugumu wake ulikuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa tajiri.

Gandhi alifundisha kwamba mwenye mali ajione mdhamini, mali iwe amana mikononi mwake kwa ajili ya wote. Kwa msomaji wa huku hilo si geni. Tumelelewa misikitini na makanisani tukiambiwa mali ni ya Mungu na sisi ni watunzaji, na tunalirudia vizuri sana kwenye harambee. Shida iko jioni. Mdhamini wa Mungu hana mtu anayemngoja kijiweni na daftari. Mungu ni mvumilivu. Hesabu Yake imewekwa mbali, hadi Siku yenyewe, na kabla ya hapo mwanadamu anaweza kujikopesha mengi kwa masharti nafuu. Nadhani ndiyo maana Jamnalal aliomba baba. Alitaka mtu wa kumpelekea hesabu angali hai, mtu atakayemtazama machoni na kumuuliza: na hizi nyingine ziko wapi?

Akaanza kuzipeleka. Mwaka 1920 alifanywa mweka hazina wa Congress, kazi aliyoishika mpaka kufa. Mwaka 1921 alirudisha cheo cha Rai Bahadur kwa waliompa, akatoa rupia 100,000 za kuwasaidia mawakili walioacha mahakama za Waingereza. Nyumbani Wardha alianzisha ashramu, na Gandhi akamtuma mfuasi wake Vinoba Bhave kuiongoza. Mwaka 1923 aliongoza harakati ya kupeperusha bendera ya wapigania uhuru Nagpur, akafungwa. Mwaka 1930, wakati wa kampeni ya chumvi, alikuwa kambini Vile Parle, Bombay, akafungwa tena. Mwaka 1939 utawala wa Jaipur ulimpiga marufuku kuingia katika milki yake, naye akaingia, akakamatwa, akazuiliwa kwa miezi. Jaipur ndiyo milki alimozaliwa. Nchi iliyomtoa bila kumuuliza sasa ilikuwa inamfukuza, na yeye akalazimisha kurudi.

Biashara hakuiacha. Mwaka 1926 aliipanga upya, na mwaka 1931 akaanzisha kiwanda cha sukari huko Gola Gokarannath, kaskazini. Asubuhi anatia saini hundi, jioni anasokota uzi kwa gurudumu la mkono kama Gandhi alivyotaka kila mtu wake afanye. Wako waliomwona mnafiki. Mimi namwona mtu aliyekataa kupumzika upande wowote, na naona pia uchovu wake.

Julai 1928 alifungua milango ya hekalu la Laxminarayan mjini Wardha kwa watu walioitwa wasioguswa. Hekalu lilijengwa na Bachhraj mwenyewe, mzee aliyetaka avae vito. Lilikuwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza kabisa India kufanya hivyo, na wahafidhina wa jamii yake walimjia juu. Ni kitendo cha ujasiri, sikipunguzi. Lakini mwaka mmoja nyuma yake, B. R. Ambedkar, mwenyewe mmoja wao, alikuwa amewaongoza watu hao hao mpaka kwenye bwawa la Mahad, wakainama wakanywa maji waliyokatazwa, bila kungoja mtu awafungulie. Mlango uliofunguliwa na mwenyewe bado una mwenyewe. Nikisoma habari za Wardha na za Mahad pamoja, moyo wangu unakwenda Mahad kwanza.

Kisha kuna Segaon. Gandhi alipoondoka ashramu yake ya Sabarmati mwaka 1930 kwa miguu kwenda baharini kuchukua chumvi, aliapa kutorudi humo mpaka India iwe huru. Jamnalal akamvuta Wardha. Mgeni akakaa mjini kwa muda, halafu Aprili 1936 akasema anataka kijiji halisi, akahamia Segaon, kama kilomita 8 kutoka mjini. Kilikuwa kijiji cha joto kali, homa na nyoka, njia ya tope wakati wa masika. Akataka nyumba ijengwe kwa vifaa vya hapo hapo na mikono ya hapo hapo: udongo, mianzi, vigae. Ukiingia leo katika kibanda alichokalia, unaona mkeka, mto wa kuegemea, meza ndogo ya chini. Barua zake zilikuwa zikipotelea kwenye stesheni ya mji mwingine wenye jina karibu sawa, Shegaon, kwa hiyo mwaka 1940 kijiji kikabadilishwa jina kikaitwa Sevagram.

Na ardhi ilikuwa ya nani? Jamnalal ndiye aliyekuwa mwenye kijiji, kwa mfumo wa umiliki wa wakati ule. Wakulima wake walimlipa yeye. Ufukara maarufu kuliko wote wa karne ile ulijengwa juu ya kiwanja cha mfanyabiashara wa pamba, na viongozi waliokuja kumwona Gandhi, Nehru, Patel na wengineo, walilala na kula Bajajwadi, nyumba ya wageni ya Jamnalal mjini. Mshairi Sarojini Naidu, aliyempenda sana Gandhi, anatajwa kutania kwamba kumweka mzee huyo katika umaskini kulihitaji fedha nyingi.

Huwa nacheka, halafu kicheko kinakatika. Hesabu ya Jamnalal ilipanda kwenda kwa Gandhi kila jioni, kwa uaminifu, mpaka senti ya mwisho. Ila noti zenyewe zilitoka chini, kwa mwanamke aliyechuma pamba na vidole vimepasuka, kwa mkulima aliyepeleka mzigo kwenye mizani na kupewa bei aliyoikuta. Ikiwa ni amana, amana ni ya hao. Je, kuna siku mdhamini alikwenda kukaa nao chini akawafungulia daftari? Nehru na wasoshalisti wa ndani ya Congress hawakuiamini dhana ya udhamini kwa sababu kama hii: inamwachia mwenye mali achague nani wa kumkagua. Jamnalal alichagua mkaguzi mkali na mtakatifu. Hata hivyo alimchagua mwenyewe.

Sisi Tanzania tulijaribu njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimwambia kiongozi achague: asiwe na hisa, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukitaka mali, kaa na mali. Ukitaka uongozi, njoo mikono mitupu. Mwalimu Nyerere ndiye aliyepewa Tuzo ya Amani ya Gandhi ya kwanza kabisa, mwaka 1995, lakini kwenye jambo hili hakumfuata Gandhi. Hakutaka kutegemea moyo wa tajiri mmoja mmoja. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama chetu tawala kiliyalegeza masharti hayo, na tangu hapo tajiri na mheshimiwa wanakaa kiti kimoja bila sheria ya Arusha na bila kibanda cha Segaon.

Kinachonirudisha kwa Jamnalal, pamoja na mashaka yote, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mashaka makubwa kuliko yangu. Katika barua zake kwa Gandhi alijichambua bila huruma. Alilalamika kwamba mawazo machafu hayajamtoka, kwamba moyo hauna utulivu, kwamba hastahili kuitwa mwana wa mtu kama yule. Dunia ilimwona amekwisha kutoa kila kitu. Yeye aliona mtoaji bado yupo, amesimama katikati, mikono imenyooshwa, watu wanashukuru. Dini zetu zinasema mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Lakini mkono wa kushoto wa mweka hazina ndio unaoandika kitabu. Afanyeje?

Mwaka 1941, akiwa ametoka gerezani na afya imeyumba, alikwenda karibu na Dehradun kumwona Anandamayi Ma, mwanamke mcha Mungu mzaliwa wa Bengal ambaye wengi walimwita Mama. Alikaa kwake siku kadhaa. Naye akamwita mama. Hapo naona mtoto yule wa Kashi ka Bas waziwazi: alikwisha kupewa babu, akajitafutia baba, na sasa, miaka 51, ametafuta mama, ambaye hakai na daftari lolote. Kwa baba alipeleka hesabu. Kwa mama sidhani kama alipeleka kitu. Waliomwona aliporudi Wardha walisema ametulia. Aliomba kazi ndogo kuliko zote alizowahi kushika, kuhudumia ng'ombe, akaanzisha jumuiya kwa ajili hiyo na kuishi kwenye kibanda huko Gopuri, nje kidogo ya mji.

Hakukaa humo sana. Tarehe 11 Februari 1942 mshipa ulipasuka kichwani, akafariki siku hiyo hiyo, miaka 52. Gandhi alikuja mbio kutoka Sevagram akamkuta amekwisha kwenda. Baadaye aliandika kwamba kila alipozungumza juu ya matajiri kuwa wadhamini, aliyekuwa mbele ya macho yake ni huyu. Siku chache baada ya mazishi aliwaita marafiki wa marehemu Wardha, akawagawia kazi alizoziacha.

Mali ilikwenda kwa watoto kama inavyokwenda siku zote. Mwana, Kamalnayan, aliikuza, na mwaka 1957 akachaguliwa mbunge wa Wardha. Mjukuu, Rahul, aliifanya Bajaj jina la dunia nzima, akakaa katika baraza la juu la bunge kuanzia 2006 hadi 2010. Ni watu wa heshima zao, ila hawa walikuwa wamiliki, wala hawakudai kuwa kitu kingine.

Aliyebaki ni mkewe, Janakidevi. Aliolewa mwaka 1902 akiwa mtoto, kama ilivyokuwa desturi. Mumewe alipomshauri aache dhahabu, aliivua, hakuivaa tena. Akavua shela la kufunika uso, akachoma hariri za kigeni, akatoka kuhutubia mikutano, akafungwa jela. Siku ya mazishi alitaka kuungua pamoja na mumewe kwenye kuni zile zile. Gandhi akamkataza, akamwambia aunguze nafsi yake katika utumishi. Akachukua mali iliyokuwa yake mwenyewe, akaitoa yote. Uhuru ulipokuja na Vinoba akaanza kutembea kijiji kwa kijiji akiwaomba wenye ardhi wawape wasio nayo, Janakidevi alitembea naye, na yeye akaomba visima: mwenye uwezo achimbe kisima, wanakijiji wanywe. Mke wa Seth akawa ombaomba, kwa ajili ya wengine, akiwa na miaka zaidi ya 60, na walioombewa maji ndio waliojua kama kisima kimechimbwa au hakikuchimbwa. Serikali ilimpa nishani ya Padma Vibhushan mwaka 1956. Aliishi hadi 1979. Mitaa na vyuo vimepewa jina la mumewe, lakini mimi naamini ni yeye aliyefikisha hesabu kwa wenyewe.